Kutunza Motokaa Pwani: Habari ya Kutu, Rangi na Uvungu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, nayo yamechapwa humu kwa ombi la waliohudhuria na la wale waliokosa nafasi ya kuja.)



Katibu alipotuandikia kututaka tuseme machache juu ya utunzaji wa motokaa tulisita, kwa kuwa sisi si mafundi. Sisi ni makarani. Kazi yetu ni kalamu, majalada na mihuri. Lakini Katibu alitujibu kwamba fundi ajua kuitengeneza motokaa iliyoharibika, bali kinachotakiwa hapa ni habari za watu walioiharibu. Kwa sifa hiyo hatukuweza kukataa.

Habari yenyewe ni hii. Tu makarani wanne wa ofisi moja mjini Dar es Salaam, na sote twakaa Kigamboni, ng'ambo ya kivuko. Mwezi wa Machi, mwaka wa 2018, tulikopa fedha katika chama cha akiba na mikopo, kila mtu robo yake, tukanunua motokaa moja iliyokwisha kutumika, itokayo Japani. Deni lilikuwa la miezi 36. Motokaa ilikuwa ya buluu, nayo iling'aa hata mtoto aliweza kuutazama uso wake ubavuni mwake. Tuliipenda mno. Tukapanga zamu: kila Jumapili mmoja wetu huiosha, huipaka dawa ya kung'arisha, na kuisugua kwa kitambaa mpaka majirani wakasimama kutazama. Zamu ile hatukuikosa hata mara moja kwa muda wa miaka mitatu. Twaomba mlikumbuke jambo hilo, kwa maana watu wakisikia habari za motokaa iliyooza hudhani wenyewe walikuwa wavivu. Sisi hatukuwa wavivu.

Katika masika ya pili, mwaka wa 2019, tuliona kipele kidogo kizingitini, chini ya mlango wa nyuma. Rangi imeinuka kama ngozi iliyoungua. Tukampelekea fundi wa rangi. Akakwangua juu juu, akapiga puti, akapaka buluu, akatoza bei ndogo, nasi tukafurahi. Mwaka wa 2020 kipele kilirudi, tena kimekuja na ndugu zake wawili. Tukafanya vile vile. Mwezi wa Machi, mwaka wa 2021, tulilipa fungu la mwisho la deni, na mwenzetu wa masjala akatununulia soda sote kwa furaha.

Mwezi uliofuata, asubuhi moja ya mvua, tulikuwa tukiteremka kwenda kivukoni, naye mwenzetu wa uhasibu ndiye aliyeshika usukani. Mbele yetu alikuwako kijana akisukuma mkokoteni wa madafu. Mwenzetu akakanyaga breki, na pedali ikazama chini kama mguu uliokanyaga tope. Motokaa nyingi za siku hizi zina njia mbili za mafuta ya breki, kwa hiyo njia moja ikipasuka breki hubaki nusu. Na nusu ile, pamoja na breki ya mkono aliyoivuta kwa nguvu zake zote, ndizo zilizotusimamisha. Tulisimama kadiri ya hatua mbili nyuma ya yule kijana. Akageuka akasema, "Wazee wangu, hamkuniona?" Tulikuwa tumemwona sana. Motokaa ndiyo iliyokataa kusimama. Hatukuwa na neno la kumjibu zaidi ya kumwomba radhi, wala hatukufika ofisini siku ile.

Fundi wa breki, mtu mzima wa maneno machache, alituamuru sote wanne tushuke katika shimo lake, na nguo zetu za ofisini. Akatumulikia taa. Bomba jembamba la chuma lichukualo mafuta ya breki lilikuwa limepasuka mahali linaposhikwa na kikamatio chini ya sakafu, ambapo tope la miaka mitatu lilikuwa limegandamana. Kisha akachukua bisibisi akaisukuma katika kizingiti, palepale penye rangi mpya ya buluu. Iliingia mpaka kwenye mpini. Ndipo alipotuuliza, "Mabwana, nani kati yenu hutazama huku?" Tukatazamana. Kila mmoja alikuwa na Jumapili yake ya kuosha juu. Uvungu haukuwa na Jumapili, wala haukuwa na mwenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi nguo yetu tulikuwa tukiing'arisha kila juma.

Basi hayo tuliyojifunza tangu siku ile ndiyo tunayotaka kuwaambia, ili ninyi msiyajifunze kwa gharama ile ile.

Tuanze na adui mwenyewe. Chuma huliwa na kutu kikipata vitu viwili pamoja, maji na hewa. Kimoja kikikosekana, kutu haina nafasi. Lakini huku pwani yuko msaidizi wao wa tatu, naye ni chumvi. Upepo wa bahari huchukua matone madogo yasiyoonekana kwa macho na kuyatandaza juu ya kila kitu. Maji hukauka, chumvi ikabaki. Chumvi nayo ina tabia ya kuvuta maji yaliyomo hewani. Unyevu wa hewa ukifika kadiri ya asilimia 75, chumvi iliyokuwa kavu huyeyuka yenyewe ikawa maji ya chumvi, ingawa mvua haikunyesha. Na usiku huku kwetu hewa hupita kiasi hicho mara nyingi katika mwaka. Kila mpishi wa pwani aijua habari hii: chumvi iliyolala wazi katika kibakuli jikoni, asubuhi huonekana imelowa. Ndivyo ilivyo uvunguni mwa motokaa. Mtu asemaye, "Motokaa yangu hailowi, kwa kuwa hainyeshewi," ajidanganya nafsi yake.

Wala maji ya chumvi si sawa na maji matupu. Kutu ni kazi ifanywayo kwa nguvu ndogo za umeme zipitazo katika chuma kilicholowa, na maji ya chumvi huupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua. Kwa hiyo kazi huenda mbio. Tena kutu ikizaliwa huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilicholiwa. Ndiyo sababu huiinua rangi. Maana yake, kipele mkionacho juu si mwanzo wa ugonjwa. Ni ishara kwamba ugonjwa umekwisha kutembea chini ya ngozi, na aghalabu ulianzia upande wa ndani.

Jambo jingine tuliloambiwa shimoni lilitushangaza. Motokaa nyingi tuzinunuazo hutoka Japani, na nchi ile ina sehemu zenye theluji nyingi, kama kisiwa cha Hokkaido na upande wa Niigata. Huko, wakati wa baridi, barabara hunyunyizwa chumvi ili barafu iyeyuke na magari yasiteleze. Hata Uingereza hufanya vivyo hivyo. Basi motokaa iliyotembea katika barabara hizo yaweza kufika bandarini kwetu ikiwa na kutu uvunguni, na hali juu yang'aa kama kioo. Yule fundi alituonyesha kutu ya zamani na kutu mpya zikikaa pamoja. Sisi siku ya kununua tulitazama rangi, tukatazama viti, tukasikiliza redio. Atakaye kununua na amlipe fundi ashuke shimoni kwanza. Ujira huo mdogo ndio tulioukwepa.

Sasa twende kwenye rangi. Watu wengi hudhani rangi ni pambo. La, rangi ni paa. Kiwandani bodi ya chuma huzamishwa katika birika la rangi ya kwanza, nayo hushikishwa chumani kwa nguvu za umeme. Kisha hufuata rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe tuionayo, na juu kabisa hupakwa ile isiyo na rangi ambayo mafundi huiita klia. Vyote hivyo vikijumlishwa, unene wake ni kadiri ya sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani kama karatasi moja ya hizi tunazochapia barua ofisini. Hilo ndilo paa lote. Jiwe dogo lililorushwa na tairi ya lori laweza kulitoboa, na kitundu cha kichwa cha sindano chatosha kuikaribisha chumvi.

Hapa twawaungamia kosa letu jingine. Dawa ile tuliyokuwa tukisugulia kila Jumapili ilikuwa na unga wa kukwaruza. Dawa za namna hiyo hung'arisha kwa kuondoa. Kila mara husaga klia kidogo. Zina faida yake pale rangi ilipofifia au penye mikwaruzo, na mtu akizitumia kwa nadra haidhuru. Lakini sisi kwa mapenzi yetu tulilisaga paa mpaka boneti ikapauka, na mahali pengine klia ikaanza kubanduka kama magamba ya samaki. Nta ni kitu kingine. Nta haisagi, hukaa juu ya klia na kuyakataa maji. Iliyo maarufu hutoka katika majani ya mti mmoja wa jamii ya mnazi uotao Brazil. Katika jua letu haidumu zaidi ya majuma machache, pengine miezi miwili, kwa hiyo yafaa irudiwe. Siku hizi ziko na dawa za viwandani zidumuzo zaidi ya hapo, lakini bei yake si ya karani. Mtu aijuaye tofauti ya dawa isagayo na dawa ifunikayo ameokoa nusu ya rangi yake.

Mabibi na mabwana, mwaka wetu wa pwani una nyakati nne, na kila wakati una kazi yake. Twaomba mtuvumilie tuzitaje kwa utaratibu.

Kiangazi, tangu Desemba mpaka Machi, upepo wa kaskazi ukivuma na jua likiwa kali, adui ni jua na chumvi kavu. Miali ya jua huivunja klia kidogo kidogo. Mavi ya ndege nayo ni hatari kuliko yanavyodhaniwa, hasa ya kunguru, wageni walioletwa Unguja katika miaka ya 1890 na ambao hatujui tutawarudishaje. Klia hulainika kwa joto la mchana, na mavi yakikauka juu yake huishika na kuacha alama isiyotoka. Yaondolewe siku hiyo hiyo kwa kitambaa kilicholowa maji, pasipo kukwaruza. Kadhalika utomvu wa mwembe na uchafu wa popo wa chini ya mkungu. Kivuli cha mti ni kizuri kwa mtu, lakini si kila mti ni rafiki wa motokaa. Mwisho wa kiangazi, kabla ya mawingu kukusanyika, paka nta, na umpe fundi siku moja ya uvungu: bomba za breki, vizingiti, na ndani ya madigadi.

Masika, tangu Machi mpaka Mei, adui ni tope. Tope lililojishindilia uvunguni ni kama kitambaa kibichi kilichofungwa juu ya kidonda. Huweka unyevu siku nyingi baada ya mvua kukoma. Kila juma uvungu umwagiwe maji safi, hasa nyuma ya tairi na kando ya vizingiti. Chini ya kila mlango mna vitundu vidogo vya kutolea maji. Tulipovitafuta vyetu tulivikuta vyote vimezibwa na mchanga, na viwili fundi wetu wa rangi alikuwa amevifunika kwa puti. Njiti nyembamba yatosha kuvizibua. Vilevile toa majani yaliyokusanyika chini ya kioo cha mbele, palipo mfereji wa maji ya mvua. Ukiziba, maji huingia chini ya kapeti. Na kapeti iliyolowa, mabwana, si ya kukaushwa kwa kupitishiwa mkono. Iondolewe kabisa ianikwe juani, kwa kuwa chini yake ni sakafu ya chuma, na mahali hapo ndipo kutu hula pasipo kuonekana kabisa. Harufu ya ukungu ndani ya motokaa ni barua ya kwanza ya onyo, ijibuni mapema.

Tena msipite katika maji ya mafuriko ambayo kina chake hamkijui. Wakaao Dar es Salaam wapajua Jangwani na habari zake. Maji yale huingia katika breki, katika nyaya na katika mafuta ya gia, na motokaa iliyozama huendelea kuoza miezi mingi baada ya watu kuisahau siku yenyewe.

Kipupwe, tangu Juni mpaka Septemba, mvua zimepungua na hewa ina nafuu. Huu ndio wakati wa matengenezo. Rangi ipakwayo siku za unyevu mwingi hufungia maji ndani yake, kwa hiyo asiye na haraka angoje kipupwe. Kidonda cha kutu kitibiwe hivi: kikwanguliwe mpaka chuma cheupe kionekane pande zote, hata ikiwa kidonda kitakuwa kikubwa mara tatu ya kile kilichoonekana; kipakwe dawa ya kuigeuza kutu iliyobaki katika vishimo; kisha praima, kisha rangi, kisha klia. Puti haizuii kutu. Puti hunyonya unyevu, na ikipakwa juu ya kutu ni sawa na kumfungia mwizi ndani ya nyumba. Ndani ya vizingiti na milango hupulizwa dawa ya nta ya kuzuia kutu, kwa kupitia matundu yaliyoachwa na waundaji. Na iwapo chuma kimeliwa kikatoboka, hakuna dawa. Ni kukata na kuchomelea kipya.

Vuli, tangu Oktoba mpaka Desemba, ni masika madogo. Kazi za masika zirudiwe, na kabla yake nta ipakwe tena.

Mbali na nyakati hizo kuna mambo ya kila siku. La kwanza ni maji ya kuoshea. Visima vingi huku pwani vina maji ya chumvi, na sisi kwa miaka mitatu tuliiosha motokaa kwa maji ya kisima cha jirani. Kwa maneno mengine, tulikuwa tukiileta bahari nyumbani kwa ndoo. Maji hayo hujulikana: sabuni haitoi povu vizuri, na yakikauka huacha madoa meupe. Basi sasa twakinga maji ya mvua kutoka batini katika pipa, na hayo hutosha kwa suuza ya mwisho. Siku mawimbi yaturushiapo maji kivukoni, suuza hufanywa jioni ile ile.

La pili ni namna ya kuosha. Osha kivulini, bati likiwa limepoa, ukianza juu na kumaliza chini. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi juu ya rangi na kuikwaruza. Sabuni ya unga ya kufulia huiondoa nta. Tumia sabuni laini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kisha kausha kwa kitambaa laini.

La tatu, msikubali uvungu upulizwe dizeli au mafuta ya taa, kama ilivyo desturi ya waoshaji wengi. Hung'aa siku mbili, kisha vumbi hunata, na mafuta hayo huharibu mipira ya chini ya motokaa.

La nne, mafuta ya breki nayo huvuta unyevu wa hewa, na unyevu huo huzaa kutu ndani ya bomba. Waundaji wengi hushauri yabadilishwe kila miaka 2 hivi. Fundi akiyamwaga juu ya rangi yamwagiwe maji mara moja, maana hula rangi. Na vichwa vya betri vikiota unga mweupe au wa kijani, vioshwe kwa magadi ya kupikia yaliyochanganywa na maji, vikaushwe, vipakwe grisi.

La tano ni mahali pa kulaza motokaa. Kibanda cha makuti kilicho wazi pande zote hushinda turubai la nailoni lililofungwa mpaka chini. Turubai hufungia unyevu ndani, na likipigwa na upepo huikwaruza rangi kwa mchanga wake. Na mtu asiingie uvunguni mwa motokaa iliyoinuliwa kwa jeki peke yake. Twasema hivi kwa kuwa mmoja wetu, kwa ari mpya baada ya mkasa ule, alitaka kufanya hivyo, na yule fundi mtu mzima akamvuta mguu.

Bila shaka mtu atauliza, "Je, karani mwenye mshahara wake mdogo aweza hayo yote?" Twajibu kwa hesabu zetu wenyewe. Bomba mpya za breki, vizingiti viwili vilivyokatwa na kuchomelewa, sakafu ya upande wa abiria, na rangi, vilitugharimu fedha zaidi ya mafungu 5 ya lile deni tulilokuwa tumelimaliza kwa soda. Burashi la mpini mrefu, ndoo ya pili, kopo la nta na ujira wa fundi wa kushuka shimoni mara mbili kwa mwaka havifikii fungu moja. Na hesabu hiyo haikumtia ndani yule kijana wa madafu, ambaye thamani yake haiandikwi katika daftari lolote.

Labda lenye faida kwa chama chetu kuliko yote ni hili la mwisho. Tulipotoka shimoni tulikaa chini sote wanne kutafuta nani alaumiwe. Tulimlaumu fundi wa rangi kwa puti yake, tukamlaumu aliyetuuzia, tukailaumu bahari. Kila mmoja alikuwa na fungu lake la haki. Lakini mwenzetu wa masjala akasema, "Ofisini jalada likipotea hatuulizi nani mbaya, twauliza lilikuwa mkononi mwa nani. Motokaa hii ilikuwa mkononi mwa nani?" Haikuwa mkononi mwa mtu. Ilikuwa ya wanne, kwa hiyo kila mmoja aliangalia sehemu ambayo wengine wangeiona na kumsifu, akawaachia wengine sehemu isiyosifiwa.

Basi tulifanya lile ambalo makarani twalijua. Tulifungua daftari. Kila mwezi motokaa ina mtu mmoja, naye huandika kwa mkono wake siku aliyosafisha uvungu, siku aliyozibua vitundu, na kitu alichokiona, kiwe kidogo namna gani. Mwisho wa mwezi humkabidhi mwenzake, wote wawili wakaitazama motokaa pamoja, wakatia sahihi. Asiyeandika kitu huulizwa. Mwezi wa kwanza tuliona aibu kufanya urasmi baina ya marafiki. Mwezi wa tatu daftari lile lilituonyesha doa la kutu kwenye bomba la pili la breki kabla halijatoboka. Tangu siku ile hakuna aliyecheka tena. Na wale miongoni mwenu wenye dhamana ya motokaa za ofisi, ambazo ni mali ya watu wengi zaidi ya wanne, twadhani wataona wenyewe lililo na maana kwao.

Motokaa yetu ingali yatembea. Haing'ai kama ilivyong'aa mwaka wa 2018. Boneti ina baka, na buluu ya vizingiti haifanani sana na buluu ya milango. Majirani hawasimami tena kuitazama. Lakini kila asubuhi huteremka kwenda kivukoni na kusimama pale tunapotaka isimame.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi mali yetu ilikuwa na zamu, ilikuwa na kitambaa, ilikuwa na mapenzi. Daftari ndilo lililokosekana. Daftari lenyewe tumelileta jioni hii, liko mezani pa Katibu, na atakaye kunakili mistari yake na anakili.

Masika hayako mbali. Mtakapofika nyumbani, kabla ya kutazama rangi, inameni kidogo.